Mshale wa Sinema na Taa Zinazopokezana

Shangazi yetu hakuwahi kuamini kitu kinachowaka bila kupata moto. Kwake, taa ni kitu cha kuunguza vidole. Ukiigusa na usiruke, hiyo si taa, ni picha ya taa. Ndiyo maana siku tulipoingia kwenye duka la makochi kununua mto wa kiti, akakuta kitanda kimezungushiwa mkanda wa taa chini ya fremu, buluu na zambarau zikifukuzana kuzunguka godoro kana kwamba kuna ndege inataka kutua hapo, aliinama na umri wake wote ule akazishika.

"Baridi," alisema kwa dharau.

Lakini hakusimama. Muuzaji alidhani kiuno kimemkamata, akamletea kiti. Shangazi akakaa, akaendelea kuzitazama zile taa zikikimbia.

"Hizi nani anaziambia zikimbie?"

"Rimoti, Mama," alisema muuzaji, akabonyeza. Taa zikageuka nyekundu, zikaanza kukimbia kwa kasi zaidi.

"Na rimoti nani anaiambia?"

Muuzaji akanitazama mimi, kama wafanyavyo watu wote wanaposhindwa na shangazi yangu. Nilimwambia kuwa nitamweleza nyumbani.

Nitaeleza na hapa, lakini kwanza lazima ujue jengo lile lilikuwa nini. Lilikuwa sinema. Juu ya mlango palikuwa na mshale wa bati, mrefu kushinda lori, uliotokea upande wa barabarani, ukapinda kama kiwiko, kisha ukashuka kuelekeza mlangoni, wote umejaa matundu, na kila tundu lina balbu. Zilikuwa zikiwaka na kuzimika kwa zamu, hivyo mwanga ukaonekana unakimbia. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wakisimama barabarani midomo wazi, wakitazama balbu zinavyofanya kazi, huku wao wenyewe kazini wamechelewa.

Shangazi aliajiriwa pale kufagia maganda ya karanga. Fundi umeme wa sinema alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa ngazi. Akifika kipago cha tatu anaanza kuwakumbuka wazazi wake waliofariki. Balbu zilipoungua zilikaa hivyo hivyo, mshale ukabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto, hadi siku Shangazi alipoegemeza fagio ukutani, akachukua balbu mbili mfukoni mwa aproni, akapanda. Fundi alimfundisha kazi yote akiwa chini, kwa kupiga kelele, na alimfundisha vizuri. Walifanya kazi hivyo kwa miaka, yeye mawinguni, fundi ardhini, na mtaa mzima ukajifunza umeme bila kutaka.

Nyuma ya ukuta palikuwa na kichumba, na ndani yake gogo la mti lililozungushwa na mota ndogo. Kwenye gogo zilipigiliwa shaba, na juu yake vilining'inia vyuma vyembamba. Gogo likizunguka, kila chuma kinagusa shaba yake kwa zamu na kupeleka umeme kwenye kundi lake la balbu. Trak, trak, trak. Huo ndio ulikuwa ubongo wa mshale. Shangazi alilipaka mafuta gogo lile kila jioni, hata nguo zake za sherehe zilinukia mashine. Baba yangu, yaani kaka yake, alilalamika kwamba ni mwanamke gani huyu anapanda ngazi mbele za watu. Malalamiko hayo aliyatoa akiwa kwenye foleni, mkononi ameshika tiketi za bure alizopewa na huyo huyo dada yake.

Aliolewa na mwendesha mashine ya filamu, mtu aliyeziona filamu zote mara nyingi kuliko waigizaji wenyewe na hakukumbuka jina la hata moja. Walipendana chini ya mshale. Alikuwa akimaliza onyesho la mwisho, anasimama pale chini kumsubiri mkewe ashuke, uso wake wote ukiwa wa manjano ya zile balbu. Hadi leo Shangazi akikuonyesha picha ya mumewe iliyopigwa studio anakwambia, "Rangi wameikosea. Hakuwa hivi."

Sinema haikufa kwa kishindo. Video ziliingia majumbani, kisha simu zikaingia mifukoni, na viti vikaanza kutoweka kimoja kimoja kama wajomba siku ya kazi. Ukumbi ukawa ghala la saruji. Kisha wakaja waumini waliosali kwa sauti iliyozing'oa balbu zilizobaki. Mwisho yakaja makochi. Mume wa Shangazi akatangulia mbele ya haki. Yeye akabaki nyumbani akitengeneza pasi na feni za majirani. Mshale ulibaki ukutani, umeota kutu, ndege wamejenga kwenye matundu. Uliokolewa na kitu ambacho kimeokoa malikale nyingi duniani, yaani uvivu. Hakuna aliyejisumbua kuushusha.

Sasa, siku ile ya mto wa kiti, tulipotoka nje tuliwakuta wanunuzi wawili wa vyuma chakavu na mkokoteni wao, wamesimama mikono kiunoni, wanautazama mshale kama watu wanaokadiria uzito wa mbuzi. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kati yao alikuwa mwenye duka, mjukuu wa mzee aliyejenga sinema. Mtaa ulimwita Mrithi kwa sababu hajawahi kufanya jambo lingine la kuitiwa.

"Mrithi, mshale unakwenda wapi?" Shangazi aliuliza.

"Chakavu, Mama. Jumamosi nafungua upande wa magodoro, naweka kibao kipya cha kioo. Huu umekufa."

"Haujafa. Umelala."

"Miaka yote hiyo, Mama?"

"Wewe ulilala darasani miaka yote na hakuna aliyekuuza chakavu."

Wale wawili walicheka kwa heshima ya mteja, yaani puani. Lakini kuna mtu alicheka kwa sauti kabisa. Huyo ni Mkata Tiketi, rafiki wa marehemu mume wa Shangazi, aliyekuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango wa sinema enzi zile na anakaa hapo hapo hadi leo, ingawa tiketi ya mwisho ilikatwa wakati Mrithi bado anatambaa.

"Shemeji kakupata!" alisema. "Kijana, mpe nafasi mwenzako."

Mrithi alitazama saa, akatazama watu waliokwisha kukusanyika, akaona ni rahisi zaidi kuwa mkarimu.

"Haya. Hawa jamaa watakuletea mshale nyumbani. Jumamosi jioni wanaurudisha hapa. Ukiwaka, unabaki ukutani. Usipowaka, hautoki kwenye mkokoteni wao. Sawa?"

"Sawa."

"Shahidi ni mimi," alisema Mkata Tiketi.

Shangazi akarudi ndani ya duka. Alitoka na mikanda ya taa kwapani, mto wa kiti ameusahau.

*

Mshale ulilazwa uani, ukachukua nafasi yote ya kuanikia nguo. Mimi nilijipa cheo cha mhandisi mkuu, kwa sababu nilikuwa na kompyuta na nilikuwa nimetazama video mbili. Nilinunua bodi ndogo kama biskuti, ile unayoiandikia maelekezo kwenye kompyuta nayo inayakumbuka, nikaiweka mezani mbele ya Shangazi.

"Hili ndilo gogo lako."

Akaigeuza. Akainusa. "Inapakwa mafuta wapi?"

"Haipakwi."

"Itakufa mapema," alisema, akairudisha mezani. "Haya. Waya ngapi kwenye mkanda?"

"Tatu. Chanya, hasi, na wa habari."

"Wa habari mmoja? Kwa taa zote hizi? Mimi nilikuwa na waya nyingi nene kama mkono wako, na bado balbu zilikwenda kwa makundi."

"Hapa kila taa inajitegemea, Shangazi. Unaweza kuiambia hii iwe nyekundu, jirani yake iwe buluu, na ya tatu izime."

"Kwa waya mmoja."

"Kwa waya mmoja. Bodi inatuma rangi zote kwa mfululizo. Taa ya kwanza inachukua rangi ya mwanzo, inabaki nayo, inapitisha zilizobaki. Ya pili inachukua yake, inapitisha. Hivyo hivyo hadi mwisho."

Shangazi akawaza. "Kama sinia la nyama linapopitishwa kwa wageni."

"Hasa."

"Na hakuna anayechukua vipande viwili?"

"Hakuna."

"Basi hawa si ukoo wetu."

Tuligombana pia kuhusu kuhesabu. Nilimweleza kuwa kwenye kompyuta, taa ya kwanza namba yake ni sifuri. Alivua miwani.

"Mtoto wa kwanza unamwita sifuri?"

"Ndivyo zinavyohesabiwa."

"Nani kasema?"

"Waliotengeneza."

"Hao walikuwa wa mwisho kuzaliwa, wote," alisema, na hadi tunamaliza kazi aliendelea kuiita ya kwanza, nami nikawa natoa moja kimoyomoyo kila aliponitajia namba.

Jaribio letu la mwanzo lilikuwa taa moja. Niliandika nyekundu, nikabonyeza, ikawaka kijani safi kama jani.

"Umesema nyekundu," alisema Shangazi.

"Nimeandika nyekundu."

"Basi vidole vyako havioni rangi."

Nilihangaika kabla ya kugundua kuwa kila taa ina vitaa vitatu ndani yake, chekundu, cha kijani na cha buluu, na taa za aina ile hupenda kuambiwa kijani kwanza. Nilibadili mpangilio kwenye maelekezo, nyekundu ikawa nyekundu. Shangazi akapiga makofi mara moja, kofi lenye maana ya kwamba sasa tuache michezo.

Kisha kazi yenyewe. Matundu ya mshale yalikuwa mbalimbali, taa za mkanda zimebanana. Ilibidi tukate mkanda taa moja moja kwa mkasi, pale palipochorwa mstari, halafu tuziunganishe upya kwa vipande vya waya, tatu kila pengo. Mara ya kwanza Shangazi aliushika mkasi akafumba macho. "Kukata taa kama kitambaa," alinong'ona, akakata. Ikawaka vilevile. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyang'anya mkasi.

Alichukua chuma chake cha kulehemu, kile chenye mpini aliouzungushia kamba, akainama. Taa zenyewe hazizidi punje ya dengu, na sehemu ya kushikisha waya ni kama doa la mbu. Moshi wa lehemu ulipanda, naye akaanza kuimba kwa kuguna kooni, wimbo usio na maneno wala, kwa kweli, wimbo. Sikuwahi kumwona na furaha ile alipokuwa akitengeneza pasi. Pasi ilimrudishia tu heshima ya majirani. Hii ilimrudishia mgongo. Alikaa wima.

Mkata Tiketi alikuja kila siku na kiti chake mwenyewe, kusimamia.

"Shemeji, unalehemu au unatarizi?"

"Natafuta uzi wa kushona mdomo wako."

"Mume wako angeona haya angecheka."

"Angelala. Alikuwa analala hata kwenye filamu za vita."

Mkata Tiketi akainama, akamwokotea waya ulioanguka.

Rangi ndiyo ilituletea vita halisi. Ukoo mzima ulikuwa umesikia, na kila aliyepita uani alikuwa na maoni. Binamu zangu walitaka upinde wa mvua. Dada yangu alitaka waridi inayopumua. Mimi nilitaka moto wa buluu, kwa kuwa nilishaona kwenye video. Shangazi alisikiliza wote, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye mtandio. Ilikuwa balbu moja ya mshale, ya mwisho iliyokuwa nzima.

"Nataka hii," alisema.

"Shangazi, hizi zina rangi mamilioni!"

"Ndiyo. Nipe moja."

Tulifunga mapazia chumbani kwake, tukawasha balbu mezani, kando yake taa yetu ndogo, na juu yake kipande cheupe cha dumu la maziwa kilichokatwa, kutawanya mwanga. Nikaanza kuchanganya. Nyekundu yote na kijani yote.

"Ya limau hiyo. Punguza kijani."

Nikapunguza.

"Ya maboga. Rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Hiyo ya mgonjwa wa ini. Tia buluu."

"Buluu itaharibu."

"Tone, mtoto wa kaka yangu, sijasema ndoo."

Akinipenda ananiita baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake. Akinichoka ndipo nakuwa mtoto wa kaka yake. Siku ile kaka yake alipata mtoto mara nyingi sana. Nyekundu ikabaki kamili, kijani ikawa nusu na chenga, buluu tone na nusu tone. Nikasubiri anirekebishe tena. Nikadhani amesinzia. Kumbe anatazama mikono yake mezani, anaigeuzageuza kwenye mwanga, upande huu na ule. Akanyoosha kidole, akazima balbu.

Chumba hakikubadilika.

"Hiyo, baba," alisema. "Usiiguse tena."

*

Alhamisi mshale wote uliunganishwa. Tuliulaza uani, waya wa habari ukaingilia upande wa mkia, ule wa barabarani, nikawasha. Mwanga wa manjano ukaanzia mkiani, ukakimbia, ukapinda kiwiko, ukafika kichwani mwa mshale. Binamu walipiga vigelegele. Mkata Tiketi alivua kofia. Shangazi akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo. Ulikuwa unakwenda huku." Akapitisha mkono kutoka kichwani kurudi mkiani. "Kutoka mlangoni kwenda barabarani."

"Mshale unaelekeza watu ndani, Shangazi."

"Huu ulikuwa unawatoa."

Ndipo Mkata Tiketi akasimulia, huku Shangazi akijifanya hasikii. Mwaka mmoja gogo liliungua, Shangazi akachonga lingine peke yake, akapigilia shaba zote, akawasha, na mwanga ukakimbia kinyume. Mzee wa sinema alitoka nje akipiga kelele kwamba anafukuziwa wateja na mshale wake mwenyewe. Lakini watu waliokuja kuucheka walikuwa wengi, na mtu akishasimama mlangoni kucheka, tiketi anainunua. Mzee akaamuru gogo lisiguswe. Tangu hapo watu wakawa wanaagana, "Tukutane kwenye mshale unaofukuza." Ndoa kadhaa za mji ule zilianzia hapo, nyingine zilistahili kuisikiliza ile ishara.

"Basi tutaugeuza kesho," nilisema, nikaenda kulala kwa amani ya mtu asiyejua kitu.

Shangazi hakungoja. Yeye ni mtu wa balbu. Balbu haijali umeme umetokea upande gani, ukiingizia waya huku itawaka, ukiingizia kule itawaka. Kwa maisha yake yote, kitu kikienda kinyume ulikuwa unahamisha waya. Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa, kabla sijanawa uso, alikuwa ameshafungua waya zote mkiani na kuzilehemu kichwani, kazi safi kabisa, inang'aa. Akawasha.

Giza.

Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chuma cha kulehemu kimepoa mkononi. Alikuwa mdogo kuliko jana.

"Nimeziua," alisema.

"Shangazi..."

"Nimeziua zote. Mwambie Mrithi awatume wale watu leo leo, nisiutazame hadi kesho."

Nilipima umeme. Ulikuwepo, hadi taa ya mwisho. Zilikuwa na chakula, hazikuwa na habari. Nikaomba lenzi yake ya kutazamia saa, nikainama juu ya mkanda, na hapo nikaona kitu ambacho sote wawili tulikuwa tumekiruka siku zote kwa sababu ni kidogo kuliko mguu wa sisimizi. Kando ya kila taa palichorwa kimshale. Na vyote vilielekea upande mmoja, kutoka mkiani kwenda kichwani.

Nikampa lenzi. Alitazama muda mrefu.

"Zina mdomo na zina nyuma," alisema polepole.

"Ndiyo. Habari inaingilia mdomoni tu."

"Na mimi nimezilisha nyuma."

"Umezilisha nyuma, Shangazi."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi ndoo ikamtupa. Tulipomaliza kumwinua nilimwonyesha kwenye kompyuta. Waya zinarudi mkiani, hapo hapo zilipokuwa, ila kwenye maelekezo, badala ya kuwasha kuanzia sifuri kwenda juu, unaanzia namba ya mwisho kurudi sifuri. Nilibadili mstari mmoja.

"Ndiyo hivyo tu? Sihamishi waya, nahamisha kuhesabu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Sisi tungebomoa gogo zima," alisema, na sijui kama alikuwa anasifu au anasikitika. Nadhani vyote.

*

Jumamosi jioni wale wanunuzi wa chakavu waliubeba mshale kwenye mkokoteni, sisi tukiufuata nyuma kama tunasindikiza bibi harusi. Mbele ya duka palikuwa na maputo, spika, na magodoro yamesimamishwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Kibao kipya cha kioo kilikuwa kimeegemezwa pembeni na fremu yake ya chuma, tayari kwa lolote.

Kamba zikafungwa, mshale ukapandishwa. Yule mrefu juu, mfupi chini, wakielekezana kwa lugha isiyofaa mbele ya shangazi wa mtu. Karibu na kufika juu, kiwiko cha mshale kikagonga ukuta. Ngoo.

"Bahati mbaya!" alisema mfupi haraka mno.

"Bahati ya kibiashara," alisema Mkata Tiketi.

Mshale ukafungwa mahali pake pa zamani. Mrithi akazima spika, akatoa hotuba fupi kuhusu usingizi bora, kisha akanipa ishara. Nikawasha.

Mwanga ukatokea kiwikoni, ukakimbia hadi mkiani, basi. Kutoka kiwikoni hadi kichwani, kiza kitupu.

"Huo si mshale," alisema mtu kwenye umati. "Ni fimbo."

Watu wakacheka. Mrithi akamgeukia Shangazi, na lazima niseme hakuwa na furaha usoni. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana uwake jioni. Jioni haijaisha." Alikuwa ameshaanza kufunga kanga kiunoni. "Baba, leta ngazi. Na wewe mwenye magodoro, niletee umeme hapa nje, chuma changu kinataka moto."

"Mama, kwa umri huo..."

"Umri unapanda wewe au napanda mimi?"

Niliishika ngazi. Mrefu tayari alikuwa amelegeza fundo moja la kamba. Mkata Tiketi akasogeza kiti chake, akakaa chini ya lile fundo, hata ikawa huwezi kushusha mshale bila kumvisha kichwani.

Shangazi alifika kiwikoni, akachungulia nyuma ya bati.

"Balbu yangu ikiungua inaungua peke yake!" alipiga kelele kutoka juu, ili mtaa mzima usikie, kama alivyofundishwa. "Wenzake wanaendelea na kazi. Hawa ni kizazi gani, mmoja akifa wote walio nyuma yake wanakaa gizani?"

"Ndiye anayewapitishia habari, Shangazi! Akinyamaza yeye, hakuna anayesikia!"

"Sasa nifanye nini? Sina taa nyingine hapa!"

"Mruke! Kipande cha waya, kutoka mdomoni kwake hadi nyuma yake! Habari ipite bila yeye!"

Akachomoa kipande cha waya alichokuwa amekichomeka kiunoni. Mikono ile kwenye kulehemu mezani haikuwa na shida, lakini pale juu alikuwa na mkono mmoja tu, wa pili umeshika maisha yake. Moshi mwembamba ukapanda. Hakuimba.

"Kitu gani kinachelewesha?" aliuliza Mrithi.

"Kazi," alisema Mkata Tiketi. "Ungekuwa unaifahamu ungeitambua."

Kisha kichwa cha mshale kikawaka.

Mwanga ulianzia juu ya mlango, ukapanda, ukageuka kiwikoni, ukaruka tundu moja jeusi kama mtu anayeruka dimbwi, ukakimbia hadi barabarani. Ukarudi mwanzo. Ukakimbia tena. Hapakuwa na trak-trak, ulikuwa kimya kabisa. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na mfuko wa mboga alisimama katikati ya barabara, gari likampigia honi, akalipungia mkono kama anafukuza nzi. Akatazama. Uso wake ulikuwa wa manjano. Uso wa Mkata Tiketi, manjano. Hata Mrithi, maskini, kwa mara ya kwanza alifanana na babu yake.

"Lakini hizi si zina rangi zote?" alisema hatimaye. "Kwa nini moja? Weka zote, Mama, zicheze. Watoto wanapenda."

"Zina zote," sauti ilitoka juu. "Nimechagua."

"Basi nitauacha kwa sharti la..."

"Hakukuwa na sharti la rangi," alisema Mkata Tiketi. "Ulisema uwake. Mimi ndiye shahidi, na mimi sijalala darasani."

Mrithi alifungua mdomo. Lakini watu walikuwa wameinua simu, wanapiga picha, na kwenye kila picha, chini ya mshale, lilikuwemo jina la duka lake. Damu ya babu ikaamka. Akafunga mdomo, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyepanga mambo tangu mwanzo, "Unabaki."

Umati ukapiga makofi. Yule mrefu akauliza, kwa uchungu halali, "Kwa hiyo sisi tunabeba nini?" Mrithi akatazama fremu ya chuma ya kibao kipya, ambayo sasa haikuwa na ukuta wa kukaa. Wale wawili wakayafuata macho yake. Hawakusubiri aseme.

Watu wakaanza kutawanyika, wengine wakaingia kubonyeza magodoro. Mimi bado nilikuwa nimeishika ngazi, mikono imekufa ganzi, na Shangazi hakuwa na dalili ya kushuka. Nilidhani kuna kiungo kingine kimelegea.

"Shangazi! Shuka basi, kazi imekwisha!"

Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kipago cha juu, mwanga unampita usoni, unakwenda, unarudi.

"Shikilia ngazi," alisema. "Nani kakwambia nafanya kazi?"